Ukubwa Unaofaa

Kinyozi hachagui vichwa. Mteja anaingia na kichwa chake, kiwe kama boga au kama ndimu, kinyozi ananyoa, kazi imekwisha. Mimi ni mnoaji wa visu, na kwa miaka ishirini na sita nimefanya kazi kwa mtindo huohuo: kisu kinakuja na urefu wake, nakipa makali, kinarudi kwao. Vimepita mikononi mwangu visu vya kuchinjia, vya kumenyea, vya kukatia ngozi, mikasi ya mafundi cherehani, na shoka moja la mjane ambaye sikuthubutu kumuuliza ni la nini. Hakuna siku mtu aliniuliza kisu kiwe kirefu kiasi gani. Kwa hiyo Jumatatu ile, binti yangu aliponiuliza, nilijibu harakaharaka, kama mtu anayejua.

Binti yangu alikuwa hajakanyaga karakana yangu kwa miezi saba. Nikisema karakana nisije nikakudanganya. Ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Kuna mota moja, mawe mawili ya kunolea, ndoo ya maji, kamba ya ngozi iliyopigiliwa ukutani, na vumbi jeusi ambalo mke wangu anadai ameshalikuta hadi kwenye sukari. Binti alikulia humo. Alipofika miaka kumi na miwili alikuwa ananoa mkasi vizuri kuliko mimi, na mimi, kwa furaha, nikaandikisha kibao cha nje: Mnoaji Visu na Bintiye. Kisha akakua, akamaliza masomo, akaja kuniambia amejiandikisha kusomea uongozaji wa watu wanaopanda milima kwa miguu. Nikamwambia kupanda mlima na kushuka si kazi. Mbuzi wanafanya hivyo kila siku na hawadai mshahara.

Mimi ni mtu wa utani. Nikiumia natania, nikiogopa natania zaidi. Yeye hakucheka. Alipanga chumba upande wa pili wa mji, akawa anakuja kumwona mama yake saa ambazo mimi nimetoka kupeleka visu kwa wateja. Nikirudi nakuta kuna kiti kimesogezwa.

Ndiyo maana Jumatatu ile nilipomwona mlangoni nilizima mota kabla hata hajasalimu. Alisimama mguu mmoja ndani, mwingine nje. Akaniambia Jumamosi ataongoza kundi peke yake kwa mara ya kwanza, watu wanane kutoka ofisi ya bima, kulala usiku mmoja mlimani na kurudi. Alfajiri ya siku hiyo mkuu wa waongozaji angekagua begi lake, kitu kimoja baada ya kingine, na kikikosekana kimoja au kikiwa si chenyewe, kundi anapewa mwingine. Alikuwa na orodha. Kila kitu kilikuwa na alama ya vema isipokuwa namba kumi na moja. Akaninyooshea karatasi. Palikuwa pameandikwa: Kisu, ukubwa unaofaa.

“Nichagulie, baba,” akasema. “Wewe ndiye unayejua.”

“Najua,” nikasema.

Akasema atakipitia Ijumaa alasiri, akaondoka.

Nilielewa. Visu vinauzwa kila duka la vyombo. Hakuvuka mji mzima kwa kukosa kisu. Alikuwa amenifungulia mlango kidogo aone nitaingiaje. Nikimpa kitu cha hovyo ataona bado naicheka kazi yake, na safari hii haitakuwa miezi saba. Na swali moja tu lililobaki, urefu gani, ndilo ambalo sikuweza tena kumuuliza, kwa sababu nilikwisha sema najua.

Mke wangu alikuwa amechungulia kutoka ukumbini muda wote. Akauliza mtoto kasema nini. Nikamwambia kasema mimi ndiye ninayejua. Akanitazama kwa ile huruma anayowawekea wagonjwa wa hospitali.

Chuma sikuwa na wasiwasi nacho. Juu ya dari nilikuwa na kipande cha springi ya lori, nimekifunga kwenye kitambaa chenye mafuta miaka kumi na mmoja, nangoja siku ya maana. Chuma kama kile hakipatikani kila siku. Nikakishusha, nikakiweka juu ya benchi, na Jumanne asubuhi nikaanza kukichonga. Urefu wake ulikuwa kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole cha kati, nikaona niuache ulivyo, chuma kisipotee bure. Halafu mlima ni kitu kikubwa, nikawaza; hauendewi na kisu cha kumenyea vitunguu.

Mchana akaingia muuza nyama na visu vyake vitatu vya kila wiki. Mtaani anaitwa Kilo Pungufu, na ukimwita hivyo anaitika. Aliona kile chuma kikimetameta akasahau kilichomleta. Alikishika, akakipunga hewani, akasimama nacho kama vile mlima wenyewe umetundikwa kwenye ndoano mbele yake. Nikamweleza ni cha binti, anapanda nacho mlimani. Akasema nimefanya la maana, maana huko juu kuna wanyama. Nikamuuliza wanyama gani. Akasema wowote, ilimradi wana miguu.

“Fundi, hiki kinashuka kwenye paja mara moja tu,” akasema. “Hakirudii.”

Nililala vizuri siku hiyo. Shida ilianza asubuhi, nilipokumbuka kwamba binti yangu ni mfupi. Amerithi upande wa mama yake. Kisu kile kikining'inia kiunoni mwake kingemfika gotini, na akikaa chini kumfunga mtu kiatu kingempanda hadi kwapani. Ili kupata uhakika nilikifunga kwenye paja langu kwa mkanda wa suruali, nikajaribu kukaa kwenye kigoda. Haikuwezekana. Nilikuwa katikati ya jaribio la tatu, nusu nimekaa nusu nimesimama, kama mtu anayengoja sindano, mke wangu alipoingia na chai. Aliiweka juu ya benchi akatoka. Tumeoana miaka thelathini. Kuna mambo haulizi tena.

Hapo ndipo Sajenti alipotokea. Huyu ni jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, kila asubuhi anauzunguka mtaa akiwa amebeba begi lenye matofali manne ili, anavyosema, mgongo usije ukasahau. Hakuitwa. Alikiona kisu akatikisa kichwa. Akanifahamisha kwamba kisu cha porini ni shubiri moja na nusu, hakizidi na hakipungui, na mgongoni lazima kiwe na meno ya msumeno. Nikauliza meno ya nini. Ya kukatia miti ya kujengea kibanda. Nikamwambia wanakwenda na mahema. Akaniuliza, je, mahema yakichukuliwa? Na nani? Na upepo. Akauliza tena kama nimewahi kuona upepo wa mlimani. Sijawahi, na mtu ambaye hajaona upepo atabishana na nani?

Nikafunga kwenye mota jiwe jembamba la kukatia chuma, nikaondoa kipande cha kwanza. Kiliangukia sakafuni kikalia kama sarafu. Nikaanza kuchonga meno. Nilipofikisha la nne, Sajenti akarudi kwenye mzunguko wake wa pili, matofali mgongoni, akachungulia mlangoni kusema amefikiri vizuri njiani na meno yale si mazuri, yananasa kwenye nguo. Nikayafuta. Kuyafuta kukala na bapa kidogo.

Jioni ile nilikuwa nimetulia nikakumbuka polisi. Zamani nilikuwa nanoa visu kwa kutembeza, jiwe nimelifunga kwenye baiskeli, na siku moja nilikamatwa na visu kumi na vinne vya watu ndani ya kikapu. Nilikaa kituoni siku mbili nikiulizwa wenzangu kumi na watatu wako wapi. Afisa mmoja alivilaza visu vyote juu ya daftari kubwa la kituo, kimoja kimoja. Vilivyozidi upana wa daftari akavitenga, akasema hivyo ndivyo vibaya. Sasa binti yangu angepanda basi na kisu. Angeshuka stendi na kisu. Je, kinazidi daftari? Niliketi kwenye kigiza cha jioni nikijaribu kukumbuka upana wa daftari nililoliona miaka kumi na tisa iliyopita, nikipanua mikono na kuibana, naipanua tena. Mara nililiona kama mlango, mara kama sahani. Mwishowe nikakata kwa kukisia. Ikabaki shubiri moja kamili.

Alhamisi mke wangu aliamua kunisaidia. Alikichukua kisu akakipima kwa macho, akauliza huyo mtoto anakwenda kupika huko juu au hapiki. Nikasema sijui. Akasema basi kwa kitunguu ni kirefu, kwa nyama ni kifupi, na yeye anachokiona ni kisu cha kumtishia mgeni. Halafu akavuta kiti, jambo ambalo huwa halina mwisho mzuri.

“Kwa nini usimuulize mwenyewe?”

Nikamwambia haiwezekani, nimeshasema najua.

“Umenidanganya makubwa kuliko hilo,” akasema, “na ukaja ukasema.”

Nikamuuliza makubwa yapi. Akasema ninayajua. Nikamwambia siyajui, aniambie. Akainuka akaenda jikoni, akaniacha na kisu kisichojulikana urefu na makosa yasiyojulikana idadi. Nilinoa kutwa nzima huku nikijipekua. Kila nililolikumbuka nilitilia shaka kama ndilo, na kila nikitilia shaka mkono unasukuma chuma kwenye jiwe, maana mkono wangu hauna kazi nyingine. Nilipokuja kushtuka ilikuwa imebaki vidole sita.

Kilo Pungufu alifika kuchukua visu vyake, akatupa macho huku na huku. Akauliza, kile cha binti kiko wapi? Nikamwonyesha. Alikigeuza upande huu na upande huu, polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga asiyefanana na baba yake.

“Pole,” akasema, akachukua visu vyake akaenda.

Ile pole ilinivuruga kuliko maneno yote. Kwa hiyo nimekosea? Kilipaswa kuwa kirefu? Lakini chuma kina ubaya mmoja, unaweza kukipunguza tu. Hakuna jiwe la kuongeza.

Ijumaa asubuhi nilikitazama kwa mwanga wa dirishani nikaona ncha imekwenda upande kwa sababu ya kukatakata kwangu. Nikainyoosha, vidole vitano. Mgongo nao ukawa haukubaliani na tumbo. Nikaurekebisha. Nilikuwa nafikiria namna atakavyoingia, atasimama wapi, mimi nitakuwa nimekaa au nimesimama, na nitampa kwa mkono wa kulia au nitakilaza juu ya kitambaa. Nikasahau kuchovya majini. Harufu ndiyo iliyoniambia, na nilipokiondoa jiweni kilikuwa kimegeuka bluu kutoka ncha hadi katikati.

Mtu asiye wa kazi hii anaweza kusema rangi ya bluu nayo ni nzuri. Si nzuri. Chuma kikishapata moto namna ile kimelegea. Utakitia makali asubuhi, mchana hayapo. Kosa hilo nilimkanya binti yangu akiwa na miaka kumi, na nikamkanya kwa sauti. Sasa nilikuwa nimelifanya mimi, kwenye chuma cha miaka kumi na mmoja. Nikajaribu kuisaga ile bluu yote itoke. Ilitoka, na kisu kikatoka nayo. Kufika adhuhuri nilikuwa na kitu mkononi urefu wa kidole changu kidogo, ambacho kingefaa kumtoa mtu mwiba, kama mwiba wenyewe si wa haraka.

Sikula. Nilikaa kwenye kigoda nikatunga utani. Nilipata mitatu mizuri. Wa kwanza ulikuwa kwamba mkuu wa waongozaji hakuandika unaomfaa nani, na hiki kinamfaa sisimizi. Mingine miwili ilikuwa bora zaidi.

Alasiri akaja. Safari hii aliingia miguu yote miwili, akiwa na begi lake kubwa mgongoni, limejaa, limefungwa vizuri, kamba zote zimekunjwa. Ni begi la mtu anayejua kazi yake. Alilishusha taratibu karibu na ndoo ya maji. Nikaufungua mdomo kwa ajili ya ule utani wa kwanza.

“Sijui,” nikasema.

“Hujui nini?”

“Kiwe kirefu kiasi gani. Jumatatu sikujua, na leo najua kidogo kuliko Jumatatu.”

Aliangalia sakafuni. Vile vipande vilikuwa bado vimetapakaa, sijafagia tangu Jumatano. Akavisogeza kwa ncha ya kiatu, kimoja kando ya kingine, akavipanga mstari.

“Hivi vyote kisu kimoja?”

“Kilikuwa.”

Nikatoa mfukoni kile kilichobaki nikamwekea kiganjani. Alikitazama muda mrefu. Akakigeuza, akaona upande ambao bluu haikutoka yote, akaniinulia macho. Mdomo wake ulikuwa umefungwa lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Nikangoja. Halafu mabega yakatulia ghafla, na hilo likanitisha zaidi.

“Baba, hii si ile springi ya darini?”

Nikamwambia ndiyo yenyewe. Alikiweka juu ya benchi kwa uangalifu, mbali na ukingo, kama vile bado kinaweza kuvunjika.

Kwa kuwa aibu ilikwisha kunimaliza, haikuwepo tena ya kunizuia. Nikamuuliza huko juu huwa wanakata nini hasa. Akavuta kigoda cha pili, akakaa. Mkate, akasema. Matunda. Kamba ya hema ikijisokota fundo. Bendeji na plasta. Mifuko ya plastiki inayogoma kufunguka. Mara moja alikata kamba ya kiatu cha mtu aliyevimba mguu. Miti haikatwi, ni marufuku. Wanyama wakisikia watu wanane wa bima wanakuja wakizungumza, wanahama wenyewe. Nikauliza, katika mafunzo alikuwa anatumia kisu gani? Cha mkuu. Kirefu kiasi gani? Akanyoosha vidole viwili hewani, akavitazama, akavisogeza, akavitazama tena.

“Kama hivi,” akasema. “Au hivi. Sikuwahi kukipima.”

“Kwa hiyo na wewe hujui.”

“Ningekuwa najua ningekuja kukuuliza?”

Kisha ndipo akanieleza. Mkuu wao ni mtu wa maneno machache, hapendi kuulizwa jambo ambalo, kwa maoni yake, mtu mwenye akili analijua. Kwenye darasa la waongozaji lililotangulia mmoja alikuja na panga, akarudishwa nyumbani. Mwingine, kwa kumwogopa mkuu, alikuja na kisu cha kufungulia barua, akarudishwa vilevile. Binti yangu alikuwa hajalala vizuri wiki nzima. Mimi nilikuwa nimekaa siku tano nikidhani ninapimwa, kumbe mwenzangu alikuwa anaogopa tu, na akamkimbilia baba yake kama mtu anavyokimbilia baba. Nilitaka kusema kitu kuhusu wale mbuzi. Badala yake nikasema duka la vyombo linafungwa saa kumi na mbili.

Tukaenda. Mwenye duka ni mama mmoja ambaye mikasi yake ya kukatia vitambaa naijua kuliko ninavyomjua yeye. Alipoona ninaomba kuonyeshwa visu alishika kiuno, akauliza kama leo nimekuja kununua au nimekuja kuvicheka. Binti akajibu kwa niaba yangu kwamba nimekuja kununua. Mama yule akasema amekaa duka hili miaka mingi kwa ajili ya siku kama hii, akatushushia boksi zima la visu vya kukunja.

Hapo nikachanganyikiwa upya, maana vilikuwa kama thelathini. Kimoja kilikuwa na kijiko. Kingine kilikuwa na mkasi, kizibuo, kioo na kitu kilichopinda ambacho hata mwenye duka hakujua ni cha nini. Binti alitaka kile chenye vitu vingi, kwa hoja kwamba mkuu akiona vitu vingi atapata angalau kimoja cha kumridhisha. Nikamwambia avishike kimoja kimoja, avifungue, kisha afumbe macho aiguse ncha kwa kidole cha mkono mwingine.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu utakuwa unakata bendeji kwenye mguu wa mtu, na mtu huyo anarusharusha mguu. Ncha usiyojua iliko ndiyo itakayomkata.”

Hilo nililijua. Sijui lilikuwa limejificha wapi siku zote tano. Akafumba macho. Vile virefu alikosea ncha kwa upana wa kidole, mara kushoto mara kulia. Vile vidogo sana vilipotea mkononi, hakuweza hata kuvishika sawasawa. Kimoja, ambacho bapa lake lilienea kiganja kutoka upande hadi upande, vidole vyake vinne tu, alikigusa ncha mara tatu bila kukosea. Nikakichukua nikajaribu kifungo chake, kile kinacholizuia bapa lisijikunje juu ya vidole. Nilikisukuma kwa nguvu zangu zote. Kipande cha kidole changu cha shahada kilibaki kwenye jiwe miaka ya nyuma, kwa hiyo vifungo huwa siviamini kwa maneno. Kilishika.

“Hiki,” nikasema.

“Una uhakika?”

Nikamwambia sina. Akasema basi tuko wawili, akakichukua.

Makali ya kiwandani yalikuwa ni ya kuzugia, kama kawaida. Tuliporudi nikawasha mota nikanyoosha mkono nipewe kisu, naye hakunipa. Alivuta kigoda mbele ya jiwe, akachovya kisu majini, akaanza kunoa mwenyewe. Alikilaza chini mno. Mimi ningekiinua kidogo, ningekwenda polepole mwanzoni na kumalizia haraka. Nilikaa juu ya mikono yangu, kihalisia, viganja chini ya mapaja, nikatazama ukutani.

“Baba, sema.”

“Sijasema kitu.”

“Nimekusikia.”

Alimalizia kwenye kamba ya ngozi, akajaribu kwa kukata karatasi. Ilipasuka bila sauti. Alikuwa amekilaza chini mno na bado karatasi ilipasuka bila sauti, jambo ambalo hadi leo sijalielewa. Mama yake akaja akasimama mlangoni akimwangalia pale kwenye jiwe, halafu akaniangalia mimi, na nikaogopa atanitajia yale makubwa. Hakuyataja.

Jumamosi sikunoa. Niliwasha mota mara mbili nikaizima. Alfajiri ya ukaguzi ilipita, saa mbili ikapita, saa nne, na mtu aliyerudishwa nyumbani angekuwa ameshafika mjini. Simu ilikuwa kimya. Kimya kilikuwa na maana mbili: yuko juu ambako hakuna mtandao, au yuko chumbani kwake hataki kuongea na mtu. Niliibeba maana ya kwanza hadi mchana, ya pili ikanishinda jioni. Mke wangu alisema kama kisu kingekataliwa angeshasikia. Nikamuuliza angesikia kutoka kwa nani. Akanijibu kwamba mama husikia. Sikupata msaada wowote hapo.

Jumapili, jua likiwa bado linawaka, akaja. Viatu vilikuwa na matope hadi kwenye vifundo, uso umeungua puani, na sauti imekauka kwa kuhesabu watu wanane tangu jana. Alikaa kwenye kigoda bila kuvua begi. Nikangoja apumue. Sikuweza kungoja sana.

“Alisemaje?”

Mkuu, akaniambia, alilifungua begi, akatoa vitu vyote. Alipofika kwenye kisu alikikunjua, akakitazama, akakikunja, akakiweka chini, akaanza kuhesabu plasta. Plasta alizihesabu mara mbili.

“Hakusema kinafaa?”

“Hakusema hakifai.”

Nikamuuliza yeye je, amekionaje, ni ukubwa wenyewe? Akafikiri. Kwenye mkate kilikuwa kifupi, akasema, ilibidi auzungushe. Kwenye kamba kilikuwa kikubwa kupita haja. Bwana mmoja wa bima alikiomba akate nacho kucha, akamnyima. Na mama mmoja aliteleza akajichana goti, akakata bendeji, na huyo mama alirusha mguu kwelikweli. Alinionyesha kwa mguu wake namna ulivyorushwa. Hakumkwaruza.

Nilikichukua nikakijaribu kwa gumba. Makali yalikuwepo kama Ijumaa. Nikamwambia yakiisha akilete. Akasema kwa kazi ile nyepesi yanaweza kukaa hata miezi mitano, sita, na alisema kwa furaha, kama mtu anayemsifia fundi. Mimi nikaanza kuhesabu hiyo miezi.

“Usingoje yaishe,” nikasema. “Njoo hivyohivyo.”

Alikuwa anafungua kamba za begi. Mkono ukasimama kidogo, kisha ukaendelea.

“Alhamisi sina safari,” akasema.